Kanyaga, Shikilia, Achilia

Ni Jumanne usiku. Mikono yangu bado inanuka mafuta ya breki ingawa nimeiosha mara tatu kwa sabuni ya kipande. Nataka kuyaandika haya kabla mpangilio wake haujanitoka kichwani.

Ilianza Alhamisi asubuhi. Nilikuwa natoka Limuru na kabeji, nateremka kutoka Uthiru kuelekea Kangemi, hapa Nairobi. Nilipokata kona, taa nyekundu ya breki ilimulika kwenye dashibodi, halafu ikazima. Nikasema ni waya. Karibu na steji ya Kangemi, pale watu wanapovuka bila kungoja, nikakanyaga breki na pedali ikashuka nusu ya safari yake bure kabla ya kushika. Pikapu ilisimama, ila ilisimama kwa magurudumu ya mbele peke yake. Nilihisi pua ikiinama na mzigo ukinisukuma mgongoni. Mbele yangu akapita mama ameshika mtoto wa shule mkono, mtoto ana sweta ya kijani, hata hakugeuza kichwa. Huyo mtoto ndiye aliyenifanya nisilale vizuri juma zima.

Kilichomwokoa, na kilichoniokoa mimi, ni kwamba masta silinda ya Hilux yangu, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, ina vyumba viwili, kimoja cha breki za mbele na kingine cha breki za nyuma. Kimoja kikipoteza mafuta, kingine kinabaki kazini. Pedali inashuka chini zaidi kwa sababu safari ya kile chumba kitupu inakwenda bure, lakini gari halikosi breki kabisa. Nilikuwa nimesikia habari hiyo zamani. Alhamisi niliijua kwa mguu.

Nikaenda polepole kwa gia ya pili mpaka karakana. Upande wa ndani wa tairi la nyuma kushoto ulikuwa umelowa. Nikapitisha kidole: utelezi mwembamba, rangi ya turungi. Fundi akafungua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki ya nyuma, na silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa imevuja kwenye raba zote mbili mpaka breki shuu, zile zinazosugua dramu kwa ndani, zikalowa. Shuu zikishanyonya mafuta hayo hazioshwi zikarudishwa, nazo hubadilishwa upande wa kushoto na wa kulia pamoja, la sivyo gari huvutwa upande mmoja ukikanyaga.

Kabla hatujanunua chochote nilipewa ushauri wa aina mbili, na wa aina zote mbili ulinihuzunisha. Dereva mmoja aliyekuwa anangoja gari lake alisema, "Mama, weka maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki, utafika." Fundi naye, kwa nia njema kabisa, akapendekeza tuizibe hiyo laini ya nyuma nitembelee mbele tu hadi mwisho wa mwezi. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na ninajua ni umaskini unaosema, si ubaya wa moyo. Lakini Nairobi iko juu, kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye nyuzi 205, na DOT 4 kwenye 230. Diski ya breki kwenye mteremko inapita joto la maji yanayochemka bila taabu. Maji yakichemka ndani ya kalipa, kile chuma kinachoibana diski, yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda sakafuni. Na kusimama kwa magurudumu ya mbele peke yake nilikuwa nimekwisha kukuonja Alhamisi. Nikamwambia fundi hapana, tununue silinda.

Ijumaa nikaenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikarudi na silinda mbili, shuu na chupa mbili za mafuta. Fundi akafunga vyote kabla ya saa sita. Nikadhani tumemaliza.

Kumbe ndipo kazi ilipoanza. Kutoa hewa iliyoingia kwenye breki zilipofunguliwa ni wimbo wa watu wawili. Mpwa wangu aliketi kwenye usukani, fundi akalala chini na spana ya kumi na kimrija cha plastiki kilichozamishwa kwenye chupa tupu iliyotiwa mafuta ya breki kidogo. "Kanyaga!" Mpwa wangu anapiga pedali mara tatu. "Shikilia!" Fundi anafungua skrubu ya kutolea hewa robo mzunguko, mafuta na mapovu vinatoka, anafunga. "Achilia!" Ukiachilia kabla skrubu haijafungwa, hewa inavutwa ndani tena na umerudi ulikoanzia. Ukisahau tenki ndogo ya mafuta iliyo juu ya masta silinda ikakauka, umerudi nyuma zaidi. Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, tukaja kulia, kisha mbele.

Kanyaga, shikilia, achilia. Saa nane. Saa tisa. Mbele mafuta yalitoka kwa nguvu, safi, bila povu. Nyuma yalitoka kama mate. Chupa mbili zikaisha nikatuma bodaboda kwa ya tatu. Pedali bado ilikuwa laini kama kukanyaga godoro. Kila aliyepita alitoa hukumu ileile: "Bado kuna hewa." Na sisi tukaendelea kuitafuta hewa mpaka giza likaingia.

Jumamosi ndivyo hivyo hivyo.

Jumapili baada ya ibada nilirudi na mpwa wangu. Fundi alikubali kuja ingawa si siku yake ya kazi, na Mungu ambariki kwa hilo. Kwenye kibanda cha jirani kuna mzee anayetengeneza malori. Alisimama akatuangalia kwa muda, mikono nyuma, kisha akauliza swali moja tu: "Mbona mmeining'iniza?"

Hatukumwelewa. Pikapu ilikuwa imeinuliwa kwa fremu, stendi za chuma mbele ya kamani (springi za nyuma), ekseli ya nyuma ikining'inia hewani. Mzee akainama, akatuonyesha kijimkono cha chuma kinachounganisha ekseli na valvu iliyofungwa kwenye fremu. Valvu hiyo kazi yake ni kupima mzigo. Pikapu ikibeba kabeji, sehemu ya nyuma inashuka, ekseli inaikaribia fremu, kijimkono kinainuka, na valvu inaruhusu nguvu zaidi iende breki za nyuma. Pikapu ikiwa tupu, inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa sisi tulikuwa tumeiacha ekseli ining'inie kabisa. Valvu ilikuwa inaamini gari halina uzito wowote nyuma, ikabana njia ya mafuta. Siku mbili tulikuwa tunasukuma mafuta kwenye mlango tuliouegemea wenyewe.

Tukahamisha stendi tukaziweka chini ya ekseli yenyewe, kamani zikabeba uzito. Mzee akatuonyesha pia skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye valvu, imefunikwa na tope gumu la miaka. Hatukuwa tumeigusa. Ilipofunguliwa kimrija kilijaa mapovu makubwa, moja nyuma ya jingine, kama macho ya chura. Mpwa wangu, ambaye ndiyo kwanza amefundishwa shinikizo kwenye fizikia, alikuwa ameshuka kitini anachungulia. "Shangazi, hayo yote yalikuwa ndani?" Yote yalikuwa ndani. Mafuta ya breki hayabonyei. Ukiyasukuma hapa yanasukuma kule papo hapo, kwa nguvu uliyoyapa. Hewa inabonyea, kwa hiyo mguu wako unafanya kazi ya kuibana tu, na gurudumu halipati kitu.

Baada ya hapo nyuma nako mafuta yakatoka kwa nguvu. Pedali ikapanda, lakini si yote. Ukikanyaga mara moja inashuka chini ya nusu, ukipiga mara ya pili haraka inasimama juu, ngumu. Watu wakasema tena, bado kuna hewa. Safari hii nilikataa kuitikia. Pedali yenye hewa huwa laini hata ikiwa juu, lakini hii ilikuwa ngumu pale iliposhika. Shida yake ilikuwa safari ndefu. Breki shuu mpya zilikuwa mbali na dramu, na kila pigo la kwanza lilikuwa linatumika kuzifikisha tu. Fundi akaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma ya dramu, akazungusha kile kigurudumu cha meno kinachozisogeza shuu, jino baada ya jino, mpaka ukizungusha tairi kwa mkono unasikia shuu ikigusa kidogo, shh, shh. Akafanya na upande wa pili. Pedali ikapanda mpaka mahali pake. Nilifurahi mno, nikawanunulia chai na mandazi.

Kisha nikawasha injini.

Pedali ilishuka kidogo injini ilipowaka. Hiyo ni kawaida, ni busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga injini ikiwaka, inayoshika kazi, na ndiyo njia ya kujua kuwa busta iko hai. Ila niliuacha mguu palepale, nikiukandamiza polepole kama mtu anayesubiri taa za barabarani, nikahisi pedali inazama. Taratibu sana. Nilihesabu ishirini ikawa imefika sakafuni. Nikainua mguu, nikarudia, ikazama tena. Fundi alikagua magurudumu yote manne, mipira inayopitisha mafuta na viungio. Hapakuwa na tone hata moja.

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Nilikuwa nimechoka, pesa za kabeji za juma zima zilikuwa zimekwisha, na pikapu ilikuwa inasimama vizuri ukikanyaga kwa haraka. Sauti ndani yangu ilisema inatosha, nitakuwa naangalia. Nikamkumbuka yule mtoto wa sweta ya kijani. Nikazima injini.

Jumatatu fundi alifungua paipu mbili zinazotoka kwenye masta silinda, akaziba matundu yake kwa bolti zenye uzi unaolingana. Sasa mafuta hayakuwa na pa kwenda popote, na pedali ilipaswa kuwa ngumu kama jiwe. Ikazama vilevile. Basi yalikuwa yanapita ndani kwa ndani, kando ya raba za masta silinda, yanarudi yalikotoka.

Na sisi ndio tuliozichana. Hilo linaniuma nikiandika. Kwa miaka yote pistoni ya masta silinda ilikuwa inatembea sehemu fupi tu ya silinda yake, kwa sababu dereva hakanyagi hadi sakafuni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na mafuta yangu hayakuwa yamebadilishwa tangu nilipoinunua pikapu, miaka kumi na moja. Unyevu ule ukaota kutu kwenye sehemu ambayo raba haikuwa inafika. Tulipokanyaga mpaka sakafuni mara mia kadhaa kuitafuta hewa, tulizisukuma raba laini juu ya kutu hiyo. Fundi alipoifungua alinionyesha: mdomo wa raba ya mbele umeliwa upande mmoja kama kipande cha mkate kilichoumwa, na ndani ya silinda kuna vishimo vya kahawia unavyovihisi kwa ukucha. Angeweka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni, huenda raba ingepona. Sasa najua, na yeye anajua.

Nilirudi Grogan na ile ya zamani mkononi. Muuzaji wa kwanza alinipa inayofanana kwa sura, lakini kipenyo kilichoandikwa kwenye chuma hakikulingana. Kipenyo kikizidi pedali inakuwa nzito na inataka mguu wa nguvu, kikipungua pedali inashuka mbali. Nilitembea maduka manne mpaka nikapata inayolingana.

Leo asubuhi fundi aliifunga kwenye jiliwa kabla ya kuiweka garini. Akaingiza vimrija viwili vinavyotoka kwenye matundu na kurudi ndani ya tenki yake, akaijaza, kisha akaisukuma pistoni kwa bisibisi pole pole, mara kwa mara, mpaka mapovu yakakoma. Hewa iliyobaki ndani ya masta silinda ni taabu kuitoa ukiwa kwenye magurudumu, ndiyo maana hutolewa mezani. Tone liliangukia bodi ya pikapu na fundi akalimwagia maji papo hapo, kwani mafuta haya hula rangi. Kisha wimbo wetu tena, safari hii na kipande cha mbao chini ya pedali. Kanyaga. Shikilia. Achilia. Saa tano na nusu mapovu yalikuwa yamekwisha kila mahali.

Niliketi, nikawasha injini, nikakanyaga na kuhesabu mpaka mia moja na ishirini. Pedali haikutikisika. Nilipoinua macho, mpwa wangu alikuwa anahesabu pamoja nami, midomo inacheza bila sauti.

Tulizunguka kiwanja cha nyuma ya soko mara sita, polepole, kisha haraka kidogo. Gari linasimama limenyooka. Nimeandika tarehe ya leo kwa kalamu nyeusi kwenye kifuniko cha tenki ili mafuta yabadilishwe baada ya miaka miwili. Mipira miwili ya mafuta ya breki za mbele ina nyufa ndogo ukiikunja, hiyo nitaibadilisha Jumamosi, pesa zikipatikana au za kukopa.

Kesho saa kumi alfajiri naenda Limuru. Nimemwambia mkulima nitabeba nusu ya mzigo kwa safari hii ya kwanza, na nikifika Uthiru nitaegesha kando nipapase magurudumu yote kwa ndani kabla ya kuteremka Kangemi.