Punda wetu wa Amu na jamaa zao wenye milia

Hapa Edinburgh nikisema natoka Lamu, au Amu kama tuitavyo wenyewe, haipiti muda nitaulizwa habari za punda milia: mnawapanda? Hujibu kwamba kisiwani kwetu tuna punda wa kubeba mchanga, mawe na saruji, na mlia wao ni ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatwa na mwingine mabegani. Baadhi yao wana michirizi hafifu miguuni, mpaka usogee ndiyo uione. Punda-mwitu wa Somalia, jamaa yao wa karibu, yeye milia ya miguuni imemkolea.

Ukoo huu wote ni wa wahamiaji, ndiyo maana umenivutia tangu nije huku. Farasi, punda na punda milia ni uzao wa mnyama aliyeishi Amerika Kaskazini yapata miaka milioni 4 hadi 4.5 iliyopita. Wengine walivukia Asia palipokuwa nchi kavu, leo mlango-bahari wa Bering, na vizazi vyao vikafika Afrika. Waliobaki kwao walikwisha wote, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, hata farasi ikabidi arudishwe na Wahispania kwa merikebu.

Karibu na mji huu pana Penicuik. Hapo, miaka ya 1890, James Cossar Ewart, profesa wa chuo kikuu cha hapa, alimpandisha punda milia dume aitwaye Matopo kwa farasi majike. Wafugaji wengi zama hizo waliamini kwamba jike akishazaa na dume mmoja, hata watoto wa dume la baadaye watabeba alama za yule wa kwanza. Ewart akawazalisha majike walewale kwa farasi, akachunguza watoto, asione ushahidi wowote wa imani ile. (Nashuku ilidumu kwa sababu iliwafaa wanaume wenye maneno juu ya wajane.)

Machotara wenyewe wana shida ya hesabu. Farasi ana kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi) 64, punda 62. Nyumbu, yaani chotara wao, anapata 63, zisizogawanyika kwa jozi, na karibu kila mara huwa tasa. Punda milia wa nyanda ana 44, wa milimani 32. Lakini punda milia wa Grevy, mwenye 46, huko Laikipia amezaa na wa nyanda, na machotara wao wanazaa pia. Hilo ndilo la kutia wasiwasi, kwani Grevy wamebaki kama 3,000 tu, wengi wao Kenya, na damu yao inaweza kumezwa.

Majuzi nilimsimulia ami kwa simu. Yeye ana punda wake Langoni, mtaa wa mjini Lamu. Nikamwambia kuna punda milia jike aliyetoka mbuga ya Tsavo Mashariki mwaka 2019, akajichanganya na ng'ombe za watu, akahamishiwa Chyulu, na mwaka 2020 akaonekana na mtoto mwenye mwili wa kahawia na miguu ya milia. Baba yake punda.

"Ana nguvu?" akauliza ami.

"Machotara hao wana nguvu, ami. Ila hawazai."

"Na akifa nitaanza upya? Huyo ni wa kupigwa picha, mwanangu. Mimi nina mawe ya kupeleka Mkomani."