Siku moja maishani mwangu: kuwakalisha watu wanaokuja kucheka

Saa 11 na nusu alfajiri. Dodoma mwezi wa sita kunakucha na baridi ya upepo, ule unaobeba vumbi jekundu na kuliingiza hadi kwenye meno. Natoka Nkuhungu na sweta juu ya fulana ya kazi, begani begi lenye maiki sita. Nimelala nazo chumbani kwa sababu stoo tunayotumia iliwahi kuvunjwa, na sitaki yanikute mara ya pili.

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni huniuliza mambo mawili: kama nawajua wachekeshaji, na kama ni kweli wale watazamaji wanalipwa wacheke. Hilo la pili linaniuma. Hatumlipi mtu. Wanakuja kwa miguu yao, wanakaa kwenye kiti cha plastiki saa nne, mara nyingine tano, ili wewe nyumbani uone kipindi cha dakika 25. Mimi ndiye ninayewaalika, ninayewapokea, ninayewakalisha na kutega maiki zinazonasa vicheko vyao. Jina langu hupita mwisho kabisa wa kipindi, kwa herufi ndogo, watu wakiwa wameshahamia taarifa ya habari.

Saa 1 asubuhi. Ukumbi. Ni ukumbi wa harusi tunaokodi kila Alhamisi, kwa hiyo kwanza tunabandua maua ya plastiki ya Jumamosi iliyopita, tunafagia, tunatandika mazulia. Mazulia si pambo. Sakafu ya vigae na ukuta mtupu hurudisha sauti, na kicheko kinachorudi mara mbili kikifika kwenye hedifoni za fundi sauti huwa kama watu wanaovunja vyombo. Juu ni bati. Jua likizama bati husinyaa na kugonga, ta, ta, ta, na feni zote lazima zizimwe kabla ya kurekodi.

Saa 3. Natega maiki. Huwa nawaambia vijana wanaojitolea kwamba maiki ya kicheko haielekezwi jukwaani. Inaning'inizwa juu ya vichwa vya watu, uso ukiwaangalia wao, mgongo ukielekea spika. Ukiielekeza vibaya itameza sauti ya mchekeshaji inayotoka kwenye spika, na huko kwa mhariri maneno yatasikika mara mbili. Mbili naziweka juu ya safu ya kwanza na ya pili. Kicheko huanzia mbele, kisha kinasafiri kwenda nyuma kama moto kwenye nyasi kavu. Mbele kukiwa na watu waliokaza nyuso, nyuma nako wanasubiri ruhusa.

Kutoka hapo hadi saa 7 ni simu tupu.

Saa 8 mchana foleni imeanza. Viti ni 200, nami hugawa mialiko 260, maana mwaliko wa bure kuna wanaousahau. Leo wamekuja kama 230. Wa kwanza kabisa ni akina mama sita wa Majengo, wauza mboga na mama lishe, wamefunga vibanda mapema, wamevaa vitenge vipya. Wa umri mkubwa kati yao namwita Mama Mkubwa ingawa hatuna undugu. Nampa shikamoo, anaitikia marahaba huku ananishika sweta kupima kama ni zito vya kutosha.

Pale mlangoni nakagua nguo, na hapo ndipo natukanwa zaidi. Shati la mistari myembamba hutetemeka kwenye kamera kama maji. Fulana ya chama chochote hairuhusiwi. Vilevile simu zizimwe kabisa, si kuwekwa kimya tu, kwa sababu mawimbi yake huingia kwenye nyaya na kuleta ule mlio wa kukwaruza. Ninayaeleza hayo mara 200, mtu mmoja mmoja, kwa heshima.

Saa 9 na nusu nimewakalisha wote walioenea. Akina mama safu ya kwanza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, walioteremka na daladala wengine wako ndani, wengine kama 30 bado wako nje kwenye upepo. Nimewaahidi kwamba kiti kikipatikana ni chao.

Hapo akaingia kaka mmoja wa suti ya bluu. Hakupanga foleni. Ni wiki za Bunge la Bajeti, mji umejaa, na sura za namna ile nimeshazizoea: watu wanaomtangulia mtu mkubwa na kuongea kwa sauti yake. Akaniambia mheshimiwa yuko njiani, yeye na watu wake ni nane, nitoe safu ya mbele.

Nikamwambia, "Kaka, karibu sana. Mbele kumejaa, ila safu ya nne nitakupangia nane."

"Dada, hujanielewa. Nimesema mbele."

"Nimekuelewa, kaka. Pale wamekaa akina mama waliofika saa 8."

Akawatazama akina mama namna ambayo sitaisahau upesi, tangu vilemba hadi ndala. "Hawa si wanaweza kusogea nyuma? Wao wanaona hata wakiwa nyuma."

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu nilijua nikijibu haraka nitajibu vibaya. Kisha nikamweleza kazi. Nikamwonyesha maiki mbili zilizoning'inia juu ya vile vilemba. Nikamwambia wale akina mama ndio wanaofungua kicheko cha ukumbi mzima, nikiwatoa, kipindi kinapoa. Hilo ni kweli, ila haikuwa sababu yote. Sababu nyingine ni kwamba walifika saa 8.

Akauliza kama najua anatoka ofisi gani. Akauliza jina langu kamili, akaliandika kwenye simu ambayo nilikuwa nimeshamwomba aizime. Akampigia mtu, akanipa simu niongee, huyo mtu naye akataka jina langu. Mwongozaji akanipungia mkono kutoka kwenye kamera ya pili: saa 10 imefika. Ikapita. Robo saa. Nusu saa. Mwishowe kaka akakubali safu ya nne, nikawaomba watu nane wahame, nao wakahama bila neno, wengine wakakaa wawili kwenye benchi la ukutani. Yeye akaketi katikati ya viti vinane, akatandaza koti lake kwenye viwili na bahasha kwenye cha tatu.

Mheshimiwa hakuja. Simlaumu, huenda hata hakujua kwamba ametengewa kiti. Lakini zile nafasi saba tupu zilikaa pale, na kupitia dirishani nawaona wale wanafunzi wamejikunyata, binti mmoja amejifunika khanga kichwani. Kiti kitupu kwenye vichekesho si suala la picha pekee. Watu wakibanana bega kwa bega, kicheko cha jirani kinakutikisa na wewe. Ukiacha shimo katikati, kinafika pale kinakatika. Saa 11 na dakika kumi nilikwenda, nikachukua koti, nikalikunja vizuri, nikamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. "Kaka, naomba radhi, tunaanza." Nikafungua mlango na kuhesabu wanafunzi saba. Hakusema kitu. Mikono yangu ilitetemeka hadi mchangamshaji alipopanda jukwaani na kuita, "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, na ukumbi mzima ukamwitikia.

Tulikwenda vizuri kwa muda. Mchekeshaji wa kwanza alikosea mstari ikabidi arudie, nami nikasimama kuwaeleza watu kwamba wataisikia tena ile ile na sitawaomba waigize, wacheke ikiwachekesha. Wakacheka tena, safari hii kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Saa 12 na nusu hivi, umeme ukakatika. Nje jua linazama, giza linaingia. Jenereta la ukumbi likakohoa, likawaka, likazima. Mafundi wakakimbia nyuma na tochi za simu. Huu ndio muda ninaouogopa kuliko wote, kwa sababu mtu akishasimama kwenda zake harudi, na ana haki, daladala zinaisha. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, bila maiki, kwamba kosta ya kuwarudisha ipo na itapita Majengo, Makole hadi Nkuhungu. Nikapitisha maji na karanga safu kwa safu, nikipapasa mikono ya watu gizani. Mchangamshaji alikuwa ameshatoa kila alichonacho. Akakauka.

Ndipo Mama Mkubwa akaanza kuhadithia, bila kuombwa, kama anayeongea na wenzake tu. Anapika chakula, wateja wake ni watumishi. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 alipata mteja kutoka Dar es Salaam ambaye mlenda aliuona kama adui. Anausogeza pembeni kwa kijiko, anafunika na leso asiutazame. Alipofikisha mwezi wa tatu mteja huyo akamtuma kijana kwa siri: mama niwekee mlenda, lakini kwenye hotipoti yenye kifuniko, na wenzangu wasijue. Akamwekea. Wiki iliyofuata akaja mwingine wa ofisi ile ile, naye ananong'ona: kifuniko, wenzangu wasijue. Akaja wa tatu. "Nimepeleka hotipoti tisa ofisi moja," akasema, "kila mtu kaugeukia ukuta anakula, kila mtu anasikia mwenzake anavyovuta, na hakuna anayemwambia mwenzake!" Akaiga ule mvuto wa mlenda, mrefu.

Ukumbi ulilipuka. Nilisikia viti vikiburuzwa. Kaka wa suti ya bluu alikuwa anajipigapiga paja, nikamjua kwa sauti. Nami nimesimama chini ya maiki zangu sita, zote zimekufa, hakuna kadi inayorekodi, hakuna taa nyekundu. Kicheko kikubwa kuliko vyote cha siku ile hakipo popote.

Umeme ulirudi ikikaribia saa 2. Miguu nilikuwa siisikii. Mchekeshaji wa mwisho alikuwa mgeni, ametua na treni mchana ule ule. Kijana ana kipaji. Katikati akaleta ule utani wa Wagogo na kuomba.

Mimi ni Mgogo, kwetu Mvumi. Utani naujua, watani wetu wananitania nami nawarudishia, na msibani ndio wanaotuchangamsha. Lakini mtani ana mipaka na ana wajibu. Mgeni hana. Bibi yangu alitusimulia Mtunya kama alivyosimuliwa na mama yake, ile njaa ya 1917 hadi 1920: vita vya wazungu vilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Watu walitembea hadi nchi za mbali kutafuta chakula. Mtu aliyenyoosha mkono wakati ule alikuwa analisha mtoto.

Ukumbi haukuzomea. Ulinyamaza tu. Nilisikia bati likigonga. Kijana akaruka haraka kwenda kwenye kisa kingine na ukumbi ukamsamehe.

Tulipomaliza, mhariri akaniita kwenye meza ya nyuma. "Dada, nitolee kile kicheko cha mwanzo mwanzo, nikibandike hapa kwenye shimo."

"Hapa hawakucheka, kaka."

"Najua. Ndiyo maana nakiomba."

Sio dhambi iliyoanza leo. Aliyenifundisha sauti alinieleza habari za Charles Douglass, mhandisi wa Marekani aliyeunda mashine ya vicheko miaka ya 1950: unabonyeza, watu wanacheka. Nami huwa nampa mhariri sekunde mbili tatu za kuziba mahali kamera ilipokatwa, hilo ni fundo la ushonaji. Lakini hiki alichotaka ni kuwafanya akina mama wa Majengo na wanafunzi waliosimama kwenye baridi wacheke mbele ya nchi nzima kitu ambacho walikikataa. Nilimwambia hivyo, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka.

Mwongozaji akavaa hedifoni. Akaisikiliza ile sehemu kwenye maiki ya kwanza. Akairudisha, akaisikiliza tena, kisha akanipa mimi. Kimya, bati, halafu karibu kabisa sauti ya mama mtu mzima, ya chini: "Mmh. Hapana, mwanangu."

"Kata kisa kizima," mwongozaji akamwambia mhariri. Kwenye daftari langu, penye dakika ile, nilikuwa nimeshaandika neno moja, kimya, na nikalipigia mstari. Nikaanza kukunja nyaya kuanzia safu ya kwanza.

Kosta ya pili ndiyo iliyonibeba, pamoja na akina mama. Ilikuwa inaelekea saa 5 usiku na Mama Mkubwa alitakiwa awe amewasha jiko saa 11 alfajiri. Alikuwa amesinzia begani kwangu. Tulipoingia Majengo akafumbua macho.

"Mwanangu, kile kisa changu cha hotipoti kitatoka Jumapili hii au ijayo?"

Nikamweleza kwamba umeme haukuwepo, maiki hazikuchukua kitu.

Akanyamaza mpaka gari liliposimama. Akakusanya kitenge chake, akashuka ngazi moja, akageuka. "Alhamisi nitakihadithia tena. Safari hii nitaweka na yule aliyeleta hotipoti mbili. Wewe niwekee kiti kile kile."