Kutoka Kivukoni hadi Kariakoo

Tulianzia Kivukoni, Dar es Salaam, mbele ya hoteli ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Kilimanjaro. Ilijengwa miaka ya 1960 kwa michoro ya Zevet, kampuni ya wasanifu kutoka Israeli. Jengo limebadilishwa mno tangu hapo, hatukukaa. Lililotuleta ni jina la Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa, akafanya kazi Zevet, kisha akairithi ofisi na kuiendesha kwa jina lake.

Tukapanda basi la mwendokasi, tukashuka Msimbazi Polisi, tukaingia mitaa ya Kariakoo kwa miguu. Soko alilolichora Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na sifa yake kubwa iko juu: miavuli ya zege iliyogeuzwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake. Umbo hilo limepinda kuelekea pande mbili, ila lote linaweza kuchorwa kwa mistari iliyonyooka. Fundi hahitaji mbao za kupinda. Hupanga mbao nyembamba zilizonyooka, kila moja ikilala kwa mwinamo tofauti kidogo na ya jirani, akasuka nondo juu yake, ndipo akamwaga zege. Mpindo ndio unaobeba uzito, kwa hiyo ganda la zege linatosha likiwa jembamba.

Mvua hukusanyika katikati ya mwavuli na kuteremkia nguzoni. Tuliupenda sana ufumbuzi huu, lakini unadai usafi wa kudumu. Takataka zikiziba mdomo wa bomba, maji hutuama juu, hulemea ganda na kutafuta nyufa. Yakizifikia nondo, kutu huzivimbisha hadi zege libanduke. Na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha kazi hiyo. Doa la hudhurungi chini ya mwavuli lisipakwe rangi kabla chanzo chake hakijapatikana.

Julai 2021 soko liliungua. Zege lililoungua halipimwi kwa masizi. Gonga kwa nyundo: mlio wa utupu maana yake tabaka la juu limeachana na la ndani. Kwa kokoto za aina nyingi, wekundu hafifu huonyesha joto lililopita nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ganda jembamba huumia upesi, maana nondo zake ziko karibu sana na uso.

Chini ya yote hayo ipo shimoni, ghorofa iliyochimbwa ardhini kwa ajili ya biashara ya jumla, ili mizigo mizito isigombanie njia na mnunuzi wa fungu moja la nyanya.