Kutoka na watoto Mtwara: kliniki, bodaboda na maji ya bamvua

Safari nyingi huharibika kabla mlango haujafungwa. Mzazi anapanga kliniki, soko, benki na salamu za mtaani Chikongola, vyote asubuhi moja, mtoto mchanga yuko mgongoni na wa miaka miwili kashikwa mkono. Mtoto wa umri huo anamudu shughuli mbili. Ya tatu ndiyo ile ya kujitupa chini mbele ya meza ya nyanya na kugaragara. Wala si utundu: njaa na usingizi vimekutana. Hesabu saa yake ya kulala, kisha urudi nyuma saa mbili. Hapo ndipo muwe mmeshaanza njia ya kurudi nyumbani.

Tangulia penye foleni. Kliniki, mvalishe mtoto nguo za vipande viwili, siyo zile za vifungo tangu shingoni hadi miguuni, maana atavuliwa apimwe uzito na avalishwe tena huku analia. Badilisha nepi kabla ya mizani. Nepi iliyolowa inaongeza uzito, na kadi inaonyesha mtoto amenenepa kumbe ni mkojo. Kadi yenyewe iwe kwenye mfuko wa plastiki, mbali na chupa ya maji.

Kuhusu maji: mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata jua la Novemba likiwaka vipi. Nyonyesha mara nyingi zaidi, basi. Wakubwa wao, beba nusu lita kwa kila mmoja kwa safari ya nusu siku, na uwape kidogokidogo bila kungoja waombe. Chakula cha njiani kiwe kikavu: chapati, kiazi kilichochemshwa, andazi. Embe liacheni nyumbani.

Korosho ni habari nyingine, na hapa kwetu ziko kila kona. Iliyobanguliwa na kukaangwa, mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe nzima. Inateleza kooni na kuziba njia ya hewa, hasa gari likirushwa na shimo. Itwange. Msimu wa kuokota ukifika, usimwachie acheze na korosho mbichi yenye ganda wala kuing'ata. Mafuta ya ganda hilo yanababua midomo na vidole. Yakimgusa, osha kwa maji mengi na sabuni, na azuiwe kujifikicha macho.

Bodaboda, kama hakuna namna: mtoto mmoja tu, akae kati yako na dereva, kamwe asikae mbele juu ya tangi. Pikipiki nyingi za biashara zina ekzosi kulia, kwa hiyo pandeni na kushuka kushoto. Kigimbi cha mtoto kinalingana kabisa na bomba lile la moto. Ncha za kanga na mbeleko zichomeke ndani kabla ya kuondoka, kwani zikinaswa na mnyororo au gurudumu humvuta mtu chini. Ukiwa na watoto wawili, panda bajaji: wao katikati, wewe upande usio na kizuizi.

Kisha bahari, maana wikiendi watoto watadai ufukwe wa Shangani au kuvuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba. Kivukoni, subirini magari yatoke kwanza, na mkono wa mtoto ukamatwe kwenye kifundo. Kiganja chenye jasho huponyoka.

Ufukweni tazama mwezi. Ukiwa mpevu au umeandama karibuni, ni bamvua: maji hupwa mbali sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi, yakaacha vidimbwi na miamba. Watoto wanapenda hapo, na hapo ndipo kuna wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Wavalishe viatu, hata raba kuukuu. Ndala hubaki kwenye tope. Maji yakianza kurudi, yanajaza mikondo iliyo nyuma yenu kwanza, kwa hiyo aliye kwenye fungu la mchanga anaweza kuzungukwa huku mbele yake bado pakavu. Ondokeni fungu hilo maji yanapogeuka tu, msingoje yawafikie. Kila siku saa za kupwa huchelewa kwa dakika hamsini hivi, hivyo ratiba ya Jumapili iliyopita haikufai Jumapili hii. Kama huna uhakika, muulize mvuvi yeyote anayetengeneza nyavu.

Penye watu wengi, kama sikukuu ya Idd, andika namba yako ya simu kwa wino ndani ya kola ya shati lake. Mtoto aliyepotea mara nyingi hukumbuka jina moja tu: Mama.