Ini jipya, kongosho linawaka

Aliyepandikizwa ini akianza kutapika na tumbo la juu kuuma hadi mgongoni, msilishuku ini peke yake. Pimeni na kongosho, huenda limevimba na kuwaka. Ugumu ni kwamba dawa za maumivu na steroidi huficha dalili, na amilesi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, yaweza kupanda baada ya upasuaji bila ugonjwa wowote. Lipesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, inaaminika zaidi: ikifika mara 3 ya kikomo cha kawaida, pamoja na maumivu yale, jibu mnalo: kongosho linawaka. Picha ya CT ya mapema hudanganya. Sehemu za kongosho zilizokufa huonekana vizuri baada ya saa 72.

Chanzo mara nyingi ni mrija wa nyongo: umebana pale uliposhonwa, una kijiwe, au umetoka kuchokonolewa kwa endoskopi, bomba lenye kamera linalopitishwa mdomoni. Azathioprini, dawa ya kupunguza kinga, nayo ina sifa mbaya hapa.

Matibabu ni maji ya mshipani ya Ringer laktati, takriban mililita 1.5 kwa kila kilo kwa saa. Si kumwaga ndoo nzima. Chakula kirudi mapema. Antibayotiki bila maambukizi? Hapana. Dawa za kupunguza kinga, zinazozuia mwili kulikataa ini jipya, zisikatwe kiholela. Fuatilieni kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, kwenye damu; kikizidi huumiza figo ambazo tayari zina kiu.