Ilimba ndiyo iliyonifundisha kupanga miksa

Miksa yetu, mashine ya kuchanganya na kupima sauti, ina chaneli nane, lakini za kuchomeka maiki ni nne tu. Zilizobaki ni za kinanda, simu, au chombo chochote ambacho sauti yake tayari ina nguvu. Kwaya yetu hapa Chang'ombe, Dodoma, iliinunua kwa michango ya karibu mwaka mzima, pamoja na spika mbili zenye ampli ndani yake na stendi zake. Fundi mitambo wetu alipohamia Mwanza, funguo za stoo zikabaki kwangu, na kazi ikaja pamoja na funguo.

Kanisani nilijifunza taratibu. Kilichonisumbua zaidi ni muungurumo, ule mmm wa chini usiokoma, uliokuwa ukiingia kila kinanda kikichomekwa. Nilibadilisha waya, nikasafisha jeki, bado. Baadaye nikaona kwamba kinanda kilikuwa kinachukua umeme kwenye soketi ya mbele na miksa kwenye soketi ya nyuma karibu na mlango. Waya wa sauti ulikuwa umeunganisha ardhi mbili za umeme zisizolingana, na umeme wa hezi 50 ukawa unapita humo humo. Nikavuta ekstensheni moja, vyombo vyote vikachukua umeme sehemu moja, na muungurumo ukaisha palepale. Tangu siku hiyo naanza na umeme kabla sijagusa kitu kingine.

Lakini miksa nimeielewa uwanjani, siyo kanisani.

Mwezi wa nane mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu kutoka kijijini, njia ya Mvumi. Kikundi chao cha ngoma kilikuwa kinaandaa sherehe ya baada ya mavuno kwenye uwanja wa shule, na wageni wangekuwa wengi. "Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo, "viti vitafika mpaka kwenye ile miti. Ilimba ya mzee haitasikika huko. Njoo na vyombo."

Asiyeijua ngoma ya Kigogo aelewe ugumu ulipo. Muheme ni ngoma zinazopigwa na akina mama, wakizibana kati ya mapaja, na ukisimama karibu unazisikia kifuani. Pembeni yake kuna zeze, kibuyu chenye nyuzi kinachopigwa kwa upinde, sauti yake nyembamba. Halafu kuna ilimba, sanduku la mbao lenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Wengi wanaijua ilimba kupitia kwa marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyeifikisha mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Kwenye kurekodi ilimba inaweza kuwekwa mbele ya kila kitu. Ikikaa uwanjani kavukavu karibu na ngoma sita, mchezaji mwenyewe ndiye anayeisikia, na jirani yake kidogo.

Nilifika jioni ya siku iliyotangulia, nikafanya kama nilivyozoea kanisani: kila chenye sauti nikakipa maiki. Mbili nikaziweka mbele ya muheme, moja kwa mwimbishaji, moja kwa ilimba. Tulipojaribu, ngoma zilijaa uwanja mzima na ilimba haikuwepo. Nikapandisha kitelezi cha ilimba. Haikutosha. Nikaongeza geini, kitufe kinachopandisha nguvu ya sauti inapoingia kwenye chaneli, na papo hapo yowe likapiga, mlio mkali uliowafanya watoto wazibe masikio. Nikashusha, ilimba ikapotea tena. Kwa karibu saa nzima nilikuwa napanda na kushuka hivyo hivyo.

Yowe lina sababu iliyo wazi. Sauti inatoka kwenye spika, inarudi kwenye maiki, inaongezwa nguvu, inatoka tena, inarudi tena, mpaka mlio mmoja unameza mingine yote. Kila mpangilio wa maiki na spika una kiwango ambacho ukikipita hali hiyo inaanza, na mimi nilikuwa nimekitumia chote kuifanya ilimba ishindane na ngoma ambazo nilikuwa nimezipandisha mwenyewe. Usiku, nimelala kwa mjomba, ndipo nilipoliona jambo hilo. Muheme inasikika mpaka barabarani bila umeme wowote. Haikuhitaji maiki hata moja. Chombo chenye sauti ndogo kuliko vyote ndicho kinachoamua jukwaa zima lipande kiasi gani, na vingine vyote vinafuata hapo.

Asubuhi nikaanza upya. Nikamwomba mzee wa ilimba akae peke yake, nikaondoa maiki zote isipokuwa yake. Ni maiki ya kawaida ya kuimbia, isiyohitaji ule umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Jioni ile nilikuwa nimeiweka kama sentimita 40 kutoka kwenye ilimba. Sasa nikaisogeza mpaka 10. Watu hukimbilia geini wakati dawa ni kusogea: kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayoingia kwenye maiki inaongezeka kama desibeli 6, kipimo cha nguvu ya sauti. Kutoka 40 hadi 10 ni nusu mara mbili, yaani desibeli 12 ambazo sikuzidai kwa miksa, na wala hazikulileta yowe karibu. Gharama yake ni besi, kwa sababu maiki ya aina hii ikikaribia sana kitu inavimbisha sauti za chini. Hizo nikazipunguza kwa kitufe cha besi cha chaneli ile.

Kisha geini. Nimezoea utaratibu mmoja. Geini ya chaneli naishusha mpaka mwisho, spika nimezifunga, naomba mchezaji apige kwa nguvu atakayopigia kwenye onyesho lenyewe, siyo ile ya kujaribu kwa upole. Nabonyeza kitufe cha PFL ili taa za kipimo zinionyeshe chaneli hiyo peke yake, napandisha geini mpaka taa zichezecheze kwenye sifuri na taa nyekundu isiwake hata pigo likiwa kubwa. Hapo geini inabaki. Naweka kitelezi kwenye alama yake ya sifuri, ndipo nafungua spika polepole. Ukirudi kupapasa geini katikati ya onyesho unabadilisha kila kilicho mbele yake, na kama kuna monita, spika ya kuwasikilizisha wanaopiga, nayo inayumba. Waliokuwa wakinifundisha kwa maneno walisema hivyo, lakini nilikuwa sijaielewa sababu yake.

Spika zilipofunguka nikasikia ilimba vizuri kwa mara ya kwanza, na nikasikia pia ukwaruzo. Kila chuma kilipopigwa kulikuwa na mlio wa zzz juu yake, kama spika iliyochanika. Nikadhani waya umekatika ndani. Nikabadilisha waya, zzz ipo. Nikabadilisha maiki, ipo. Basi nikakata trebo, yaani sauti za juu, nikapunguza na sauti za kati, mpaka ilimba ikawa laini, safi, kama kinanda kilicho mbali. Niliridhika kweli.

Mzee aliacha kupiga. Akaniita, "Mjukuu, umeifanya nini?" Nikamweleza kwamba kulikuwa na ukwaruzo nimeuondoa. Akaigeuza ilimba, akanionyesha tundu dogo kwenye ubao, limezibwa kwa utando mweupe mwembamba. "Huu ni utando wa buibui. Tunauweka wenyewe. Ukiutoa, hii si ilimba tena." Akanipigia chuma kimoja karibu na sikio langu, bila mitambo, na zzz ilikuwepo, tamu, inakaa juu ya noti kama vumbi kwenye mwanga. Nilirudisha vitufe vyote katikati. Tangu hapo sigusi trebo ya chombo chochote kabla sijakisikiliza kwa sikio, kwa karibu, kikiwa hakina maiki. Fundi asiyejua sauti ya asili ya chombo hana namna ya kujua kama mitambo inaiharibu au inaibeba.

Baada ya hapo tatizo likawa muheme kuingia kwenye maiki ya ilimba. Maiki za kuimbia za aina hii zinasikia mbele vizuri na nyuma hazisikii karibu chochote. Mgongo wa maiki ni kama ukuta. Kwa hiyo swali halikuwa la vitufe bali la watu wakae wapi. Nikazungumza na mama kiongozi wa muheme, nikamwomba wakina mama wahamie upande wa kushoto, hatua kama saba kutoka kwa mzee, na mzee akae kulia akiwatazama kwa mshazari. Hivyo mgongo wa maiki yake ukaelekea ngoma moja kwa moja. Niliogopa kwamba nawavurugia mpangilio wao. Mama akacheka, akasema wao hupenda kutazamana, ndiyo njia ya kujua nani anageuza pigo. Tuliposhika nafasi hizo na kupiga wote pamoja, muheme kwenye chaneli ya ilimba ilikuwa imepungua kiasi cha kunishangaza, na sikuwa nimezungusha kitu.

Chaneli tatu zilizobaki nikazigawa: moja ya zeze, moja ya mwimbishaji, moja ya waitikiaji, hiyo nikaisimamisha mbele yao kwa kimo cha kidevu, hatua moja na nusu kutoka kwao. Uimbaji wa Wagogo una sauti nyingi zinazosukana, na ukimpa kila mtu maiki yake unaufumua. Wao wenyewe wameshajichanganya, maiki inachukua tu walichochanganya. Zeze ilikuwa inachoma masikio kidogo, nikapunguza kitufe cha kati, kile cha hezi 2,500, robo mzunguko, ikatulia. Mshereheshaji alikuwa na maiki isiyo na waya, na kipokeo chake nikakichomeka kwa jeki kwenye chaneli ya tano.

Monita nilikuja nayo moja, nikaielekeza kwa wazee. Walipiga wimbo mmoja wakaniomba niizime. Walisema inawachanganya, wamezoea kusikiana wenyewe kwa wenyewe. Niliizima kwa furaha, maana spika iliyoelekezwa kwa maiki ndiyo mlango mkubwa wa yowe, na kuizima kulinipa nafasi nyingine ya kuipandisha ilimba. Spika kubwa mbili zilikuwa mbele yao wote, zimesimama juu ya stendi, zinatazama viti. Ukiweka spika nyuma ya wapigaji, zikitazama maiki, hutapata usingizi.

Upepo sasa. Anayeishi Dodoma anajua upepo wa mwezi wa nane, ule unaobeba vumbi jekundu na kupiga mabati. Kwenye maiki unasikika kama mtu anayesukuma meza. Kwenye miksa kila chaneli ya maiki ina kitufe cha kukata sauti za chini kabisa, zilizo chini ya hezi 80, nikavibonyeza vyote vinne. Vilisaidia nusu. Nusu nyingine ilitoka kwenye kipande cha sponji ya godoro alichonitafutia shangazi. Tulikikata, tukatoboa, tukavisha kila maiki na kufunga kwa mpira. Miksa nikaiweka ndani ya boksi kubwa lililofunguliwa upande mmoja, kwa sababu mbili: vumbi lisijae kwenye vitelezi, na jua lisinizuie kuona taa. Jua la saa nane mchana huoni kama taa nyekundu imewaka au la, na bila taa hiyo unaendesha kwa kubahatisha.

"Mbukwenyi!" mshereheshaji akasalimia, watu wakaitika, na kosa la kwanza likaja naye. Alitembea na maiki yake mpaka mbele ya spika ya kushoto, yowe likapiga. Nilishusha kitelezi chake, nikamfuata kwa miguu nikamwonyesha mstari wa chokaa asiuvuke. Kwa wengine nilikuwa na zoezi moja tu: ambaye haimbi, maiki yake naizima. Maiki nne zikiwa wazi, ukizima mbili unapata desibeli 3 za nafasi. Mzee alipoanza wimbo wake wa pekee, na ilimba na sauti yake tu, nilizima waitikiaji na zeze, nikapandisha ilimba juu kidogo zaidi ya nilivyothubutu asubuhi.

Niliacha boksi kwa kijana wa shule aliyekuwa akinisaidia, nikatembea mpaka kwenye miti ambako viti viliishia. Akina mama waliouza karanga walikuwa wamesimama wanasikiliza. Muheme ilifika pale kwa nguvu zake yenyewe, na ilimba ilikuwa juu yake, kila chuma peke yake, na ule utando wa buibui ukisikika. Mjomba alikuwa amekaa kiti cha mwisho kabisa. Hakuniambia kitu, aliinua kidole tu kunionyesha nisikilize.

Jioni tulizima spika kwanza, kisha miksa, tukakunja waya kwa mzunguko wake bila kuzibana kwenye kiwiko. Kabla sijafunga boksi niliandika kwenye daftari mahali kila kitufe kilipokuwa na hatua ngapi kila mtu alikaa kutoka kwa mwenzake. Mzee ameniambia mwaka huu atakuja na ilimba mbili, ya kwake na ya mwanawe. Chaneli za maiki bado ni nne, kwa hiyo ninafikiria kuwakalisha bega kwa bega na maiki moja kati yao.