Siku moja maabara: kuotesha utando wenye vitundu

Saa 2 asubuhi. Ukitaja elektroniki za kikaboni, watu huwaza simu za kukunja. Kazi yenyewe, kuotesha juu ya kioo utando wa COF (fremu za kikaboni zenye vitundu vidogo mno), inaanza kwa kuosha vioo: sabuni, maji safi, asetoni, isopropanoli, dakika 15 kila hatua ndani ya mashine ya mitetemo, kisha ozoni. Pakibaki alama ya kidole, utando haushiki pale.

Saa 3, kupima. Fremu hizi za COF zilitangazwa na kundi la mwanakemia Omar Yaghi mwaka 2005, tena kama unga. Unga huo hauyeyuki katika kimiminika, na ukiupasha moto unaungua kabla ya kulainika, kwa hiyo hakuna kuupaka: utando sharti uote juu ya kioo chenyewe. Miligramu 7 za TAPB, amini ya mikono mitatu, na miligramu 4 za aldehaidi ya mikono miwili; molekuli mbili kwa tatu, kila mkono upate mwenzake. Vimiminika vya kuyeyushia: mililita 0.8 za dayoksani, 0.2 za mesitileni. Kioo kinaegemezwa ndani ya mrija, uso wenye ITO (tabaka angavu linalopitisha umeme) ukitazama chini, unga unaodondoka usitue juu yake. Asidi ya asetiki, kichocheo cha mmenyuko, huja mwisho. Ikitangulia, unga unaanza kuganda kabla kioo hakijaingia. Kisha oveni, nyuzi 120, siku tatu. Dayoksani huchemka kwenye 101, hivyo mfuniko ukivuja utakuta mrija mkavu.

Saa 5 tunafungua mrija wa siku tatu zilizopita, na hapa ndipo siku inapotuchosha. Utando una unene wa nanomita mia moja hivi, umelowa dayoksani, na vitundu vyake ni vya nanomita tatu na kitu. Ukiuacha ukauke wenyewe, kimiminika kinapotoka kinavuta kuta za vitundu na fremu inaanguka. Kwa macho hutaona kitu, rangi ni ileile ya njano. Kwa hiyo tunabadilisha vimiminika polepole hadi heksani, ambayo mvuto wa uso wake ni mdogo, kibano mkononi, mgongo ukiuma. Kuharakisha hapa ni kuzitupa zile siku tatu.

Mchana unapita kwenye eksirei. Kilele kinachotafutwa, alama kwamba fremu imejipanga, kiko karibu na digrii 2.8, chini kiasi kwamba kioo kikikaa upande kidogo, mwali wa moja kwa moja unakifunika. Kisipoonekana, kwanza panga kioo upya, ndipo uulaumu utando.

Jioni, sijui saa ngapi, dhahabu ya nanomita 50 inavukizwa juu kupitia kiolezo. Tabaka zikilala bapa, nguzo za molekuli zinasimama wima na chaji inapanda kutoka ITO hadi dhahabu. Kwa seli ya jua ndivyo tunavyotaka. Halafu volti. Mkondo mkubwa kwenye mstari mnyoofu maana yake dhahabu imepenya ufa na kugusa ITO: shoti. Kipande hicho kinatupwa. Chenye mkondo mdogo unaopinda kinapewa namba na kupelekwa kwenye kabati la nitrojeni.